Mtu aliyekubali mwenyewe kusafiri, masista wanamwita mwathirika kwa msingi gani?

Katibu wa Jumuiya (Tabora)

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo katika parokia moja ya hapa Tabora, na ni mwanachama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, kwa miaka mingi. Mwaka huu, katika sikukuu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, tarehe 8 Februari, masista wawili walibaki nasi baada ya misa wakatufundisha kwa muda wa saa nzima kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu. Nimekuja hapa kwa sababu mafundisho yale yameleta ubishi ndani ya familia yangu, na nimeshindwa kuumaliza.

Dada yangu alipofariki aliniachia binti aliyekuwa darasa la tatu, nikamlea kama niliyemzaa. Alipofikisha miaka 22 alijitokeza mtu wa kumtafutia kazi Uarabuni, mtu ambaye tulikuwa tukisali naye kigango kimoja. Aliambiwa atakuwa anapanga bidhaa dukani. Mkataba ulikuja kwa Kiingereza na Kiarabu, akausaini mezani pangu, nami nimekaa kando namshukuru Mungu. Alipofika kule, hati yake ya kusafiria ilichukuliwa siku ileile, na duka halikuwapo. Alipelekwa katika nyumba ya watu kumi na mmoja, akawa anaamka saa kumi alfajiri na kulala baada ya saa sita usiku. Miezi mitatu ya mwanzo aliambiwa kwamba mshahara wake unalipia tiketi. Baadaye akawa anapelekwa kufanya usafi kwa ndugu wa mwajiri bila kuongezwa chochote. Alirudi baada ya miezi kumi na minne akiwa amelipwa mitano tu. Sasa ana miezi saba nyumbani, katika nyumba aliyokulia, na kila akitaka kula hunijia kwanza na kuniuliza, "Mama, naweza kula?" Sufuria liko jikoni na sahani anajua zilipo, lakini atasimama mlangoni mpaka nimjibu.

Nilipomsimulia mmoja wa wale masista, alisema bila kusita kwamba mwanangu alisafirishwa kiharamu. Shemeji yangu alikuwa karibu, akapinga mbele ya watu: "Sista, huyu hakufungwa kamba na mtu. Alikubali mwenyewe, akasaini, akapanda ndege kwa miguu yake. Watumwa ni wale waliopita hapahapa Tabora na minyororo shingoni wakipelekwa Bagamoyo." Wengi waliitikia kwa vichwa, na nakiri kwamba hata mimi sikuwa na la kumjibu. Binti yangu alikuwa anasikia.

Naomba wenye kujua wanisaidie. Je, ni kweli kwamba aliyekubali anaweza kuhesabiwa kuwa amesafirishwa kiharamu, au masista walisema vile kwa huruma tu? Na masista wenyewe hufanya nini hasa katika jambo hili, mbali na kufundisha na kusali? Nauliza kwa heshima, maana sijawahi kumwona sista akiingia kituo cha polisi kwa ajili ya mtu.

Wakili (Mombasa)

Bi. Katibu, kwanza pole kwa yaliyompata binti yako. Mimi ni Mwislamu na habari za masista nitawaachia wanaozijua, lakini hoja ya shemeji yako naisikia mara kwa mara, hata kutoka kwa maafisa ambao kazi yao ni kuijua sheria, kwa hiyo niruhusu niijibu kwa urefu kidogo.

Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu ulanguzi wa binadamu, yaani huo usafirishaji haramu, ambayo watu wengi huiita Itifaki ya Palermo, ilipitishwa mwaka 2000. Kifungu chake cha 3 kinatazama kwanza kile kilichotendwa, yaani kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea. Kisha kinatazama njia iliyotumika, iwe ni nguvu, vitisho, hadaa au kutumia vibaya unyonge wa mtu. Na mwisho kinatazama lengo, ambalo ni kumnyonya. Kifungu hichohicho kinasema wazi kwamba pale ambapo mojawapo ya njia hizo imetumika, ridhaa ya mwathirika haina uzito wowote. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 hapahitajiki hata kuthibitisha njia. Kitendo na lengo vinatosha. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 na ya Kenya ya mwaka 2010 zimejengwa juu ya msingi huo, na hapa kwetu anayetiwa hatiani hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Wala si lazima mpaka uvukwe. Mtu anaweza kulanguliwa kutoka kijiji kimoja hadi mji wa jirani.

Binti yako aliridhia kupanga bidhaa dukani kwa mshahara. Hilo ndilo aliloliridhia, na halikuwapo. Yale aliyoyakuta hakuulizwa hata siku moja kama anayataka, na hati yake iliposhikwa aliondolewa uwezo wa kuyakataa.

Ni haki pia niseme kwamba si kila mwajiri mbaya ni mlanguzi. Mtu akicheleweshewa mshahara na bado ana hati yake na uhuru wa kuondoka, huo huwa mgogoro wa kazi. Katika shauri la binti yako swali kubwa litakuwa hili: yule mtu wa kigangoni alijua kwamba hakuna duka? Kwa hiyo msifute ujumbe wowote wa simu wala stakabadhi ya pesa, na mkataba ule ufasiriwe na mtu anayeaminika kabla hamjaenda popote.

Jambo moja nimelijifunza kwa uchungu. Mashauri haya mengi hayafi kwa kukosa sheria. Hufa kwa sababu shahidi hana pa kulala, anaogopa, ana deni, na siku ya kusikilizwa amekwisha kurudi kijijini au amesafiri tena. Hapo ndipo nilipoanza kuwaona masista, maana ndio wanaomleta shahidi mahakamani akiwa amekula na amelala.

Niliyeishi Caserta

Mama yangu wa Tabora, shikamoo. Nilisoma na kufanya kazi kusini mwa Italia kwa miaka sita, na swali lako ndilo hasa Waitaliano walilokuwa wakiulizana kuhusu wasichana kutoka Nigeria.

Karibu na Caserta kuna barabara ndefu ya pwani iitwayo Domiziana, inayopita Castel Volturno. Kwa miaka mingi wasichana wa Kinigeria walisimama kando yake usiku na mchana, kila mmoja na kiti chake cha plastiki, na wakati wa baridi na kijimoto cha kuotea. Madereva waliowatazama walisema maneno yaleyale ya shemeji yako: wamekuja wenyewe. Na kwa kuangalia kwa nje walikuwa wamekuja wenyewe kuliko hata binti yako, kwa sababu wao waliapa. Wengi walitoka Benin City na vijiji vya jimbo la Edo, huko huko Nigeria. Kabla ya safari walipelekwa kwa mganga, wakatoa nywele, kucha na damu, wakala kiapo kwamba watamlipa mwenye kuwasafirisha na hawatamtaja kamwe, na kwamba wakivunja watakufa au wapatwe na wazimu. Walipofika Italia ndipo walipotajiwa deni, makumi ya maelfu ya euro, na mwanamke wanayemwita madamu akawakabidhi barabara. Msichana wa namna hiyo hakuna haja ya kumfungia mlango.

Katika habari hii lipo jina ambalo watu wa Afrika Mashariki wangepaswa kulijua zaidi. Sista Eugenia Bonetti, wa shirika la Wamisionari wa Consolata, alifanya utume nchini Kenya kwa miaka 24, kisha akarudishwa kwao Italia, jambo ambalo halikuwa jepesi kwake. Mwaka 1993 alikuwa katika ofisi ya Caritas, shirika la misaada la Kanisa, mjini Torino ndipo akaingia mwanamke wa Kinigeria, mgonjwa, aliyekuwa akijiuza barabarani, akamwomba msaada. Sista mwenyewe amesimulia kwamba alikuwa na haraka ya kwenda misa na hakumpa muda. Yule mama akamfuata mpaka kanisani, akakaa nyuma kabisa, akalia. Sista Eugenia amesema kwamba misa ile hakuweza kuisali. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa ni hiyo. Alianza kwenda usiku barabarani kuwasikiliza wanawake wale, kisha kuanzia mwaka 2000 akaongoza kazi hiyo katika umoja wa masista wa Italia, na nyumba za mashirika mbalimbali zikafunguliwa kuwapokea. Ijumaa Kuu ya mwaka 2019, tafakari za Njia ya Msalaba pale Colosseum mjini Roma zilikuwa zake, na katika vituo vile aliwataja waziwazi wasichana wa barabarani.

Pale Caserta masista wa Kiursula walifika mwaka 1995 wakaanzisha nyumba iitwayo Casa Rut, wakiongozwa na Sista Rita Giaretta. Niliwahi kusimuliwa kwamba mara yao ya kwanza kwenda Domiziana walibeba maua kwa ajili ya Siku ya Wanawake, wakashuka garini na kumpa kila msichana ua lake, bila kuuliza lolote. Baadaye ukazaliwa ushirika wa ushonaji, NeWhope, ambao hushona mikoba na vitu vya nyumbani kwa vitambaa vyenye rangi za Kiafrika, ili msichana atokapo pale awe na ufundi mikononi mwake na mshahara unaoonekana kwenye karatasi.

Mama, umeuliza kama masista wanasema kwa huruma tu. Sheria ya Italia ya mwaka 1998 inayohusu wageni ina kifungu cha 18, kinachompa mwathirika kibali cha kukaa nchini akiwa katika hatari na akiingia kwenye mpango wa kumsaidia kuanza upya. Kibali hicho kinaweza kutolewa kwa njia ya mashtaka, msichana akitoa taarifa polisi, au kwa njia ya ustawi wa jamii, bila kumlazimisha kushtaki kwanza. Hii njia ya pili ndiyo iliyowafungulia wasichana walioapishwa. Msichana aliyeapa kutomtaja madamu hawezi kumtaja siku ya kwanza, hata umweke mbele ya jaji. Atamtaja baada ya miezi sita, akiwa amejua Kiitaliano kidogo, amelala usiku bila kuota, na ameona kwamba hajafa. Nyumba za masista zilikuwa ndiyo hiyo miezi sita.

Upande wa pili wa safari walikuwapo masista Wanigeria, na sipendi wasahauliwe, maana magazeti ya Ulaya huwaandika kwa mstari mmoja. Muungano wao ulianzisha mwaka 1999 kamati iitwayo COSUDOW, wakawa na nyumba Benin City ya kuwapokea waliorudishwa, na wengine wakaenda Italia kuzungumza na wasichana kwa lugha zao. Kisha Machi 2018 Oba wa Benin, Ewuare II, aliwakusanya waganga akavifuta viapo vyote walivyolishwa wasichana na kuwalaani wanaoendelea kuapisha. Nakumbuka habari ile ilivyosambaa kwenye simu. Msichana mmoja niliyekuwa nikimfundisha kompyuta aliisikiliza sauti ile mara tatu, akaweka simu mezani, akaniomba tuendelee na somo. Wiki iliyofuata aliniambia kwamba amebadilisha laini yake ya simu.

Mzazi (Tanga)

Nimesoma yote na sina nia ya kumuudhi mtu. Mwanangu wa kike yuko Maskati mwaka wa nne. Analipwa kila mwezi, amejenga vyumba viwili hapa nyumbani, mdogo wake anasoma kwa pesa hiyo. Tajiri wake alimpa ruhusa akaja kumzika mama yangu. Mafundisho haya yakisemwa makanisani na misikitini kila mara, vijana wanaogopeshwa kutoka, na hapa hakuna kazi. Je, masista wana kazi ya kuwapa wale wanaowazuia? Na kwa nini suala la watu wazima kutafuta riziki liwe la watawa badala ya kuwa la serikali?

Mtawa (Nairobi)

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa Wakili wa Mombasa na wengine wa dini nyingine, amani iwe kwenu.

Mimi ni mtawa. Nimekuwa katika utume huu kwa miaka tisa, katika nyumba ambayo sitasema ilipo, kwa usalama wa wanaoishi humo. Mama Katibu, nitaanza na mlango wa jikoni kwako kabla ya mengine yote.

Mwambie binti yako, mara moja tu na kwa utulivu, kwamba chakula cha nyumba hii hakiombwi. Kisha usimkemee anaporudia kuuliza. Katika nyumba yetu kabati la chakula halina kufuli, na ufunguo wa stoo unakaa kwenye msumari ambao kila mtu anauona. Tuliona kwamba wengi wanaorudi kutoka majumbani walikokuwa wamefungiwa huficha mkate chini ya mto, na tulipoacha kufunga kabati waliendelea kuficha kwa wiki kadhaa, kisha wakaacha bila kuambiwa. Mtandao wetu wa kimataifa unaitwa Talitha Kum, na ulianzishwa mwaka 2009 na Umoja wa Kimataifa wa Wakuu wa Mashirika ya Masista. Jina limetoka katika Injili ya Marko, sura ya 5, Yesu anapomshika mkono yule binti wa miaka kumi na miwili na kumwambia ainuke. Watu hulikumbuka neno la kuinuka. Mimi katika kazi hii hurudia zaidi mstari unaofunga habari ile: aliamuru apewe chakula.

Umeuliza masista hufanya nini. Mtandao huo sasa uko katika nchi zaidi ya 90, ikiwamo yetu, na nguvu yake ni kwamba karibu kila mahali msichana anapoweza kufikishwa yupo sista wa shirika fulani anayeijua lugha ya pale, anayejua hospitali ipi haitauliza maswali kwanza, na anayeweza kumfikia ofisa wa ubalozi. Mama mmoja wa Kakamega akija kwetu akilia kwamba mwanawe hapokei simu tangu Pasaka, tunaandika kwa masista wenzetu wa nchi ile usiku huohuo. Wakati mwingine jibu huja baada ya siku mbili. Wakati mwingine haliji, na hilo nalo huna budi kumwambia mama. Tunakwenda uwanja wa ndege kuwapokea. Tunakwenda polisi pia, Mama, ingawa mara nyingi hatuvai shela wala msalaba tunapofanya hivyo, na pengine ndiyo sababu hukuwahi kutuona. Hatumwombi msichana asimulie habari yake siku ya kwanza, wala hatumpigi picha, hata mfadhili akiomba picha hiyo kwa upole kiasi gani.

Kuhusu hoja ya shemeji, ningemwomba amtazame vizuri huyo Bakhita ambaye sikukuu yake ndiyo iliyotukutanisha. Alizaliwa Darfur karibu na mwaka 1869, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa na kuuzwa tena mpaka akalisahau jina lake la kuzaliwa. Bakhita ni jina alilopewa na waliomkamata, na lina mzizi mmoja na neno letu bahati. Bibi mmoja ambaye Bakhita alikuwa akimtumikia aliamuru achanjwe mwilini chale 114, zikasuguliwa kwa chumvi. Baadaye alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia mjini Khartoum, akafika Italia mwaka 1885, akakabidhiwa familia nyingine, akawa yaya. Sasa tazama hali yake hapo: hana mnyororo, anakula vizuri, anampenda mtoto anayemlea, na yule bibi hampigi. Bibi alipotaka kumrudisha Afrika kumhudumia hotelini, Bakhita, aliyekuwa akikaa kwa masista Wakanosa mjini Venezia akijiandaa kwa ubatizo, alikataa kutoka. Masista walisimama naye, suala likafika kwa mwendesha mashtaka wa mfalme, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yeye ni mtu huru. Siku ile ndiyo mara ya kwanza tangu utoto wake mtu mwenye mamlaka kumuuliza anataka nini. Mnyororo alikuwa ameuacha nyuma miaka mingi, na bado kulikuwa na watu walioamini kwamba wana haki ya kuamua apelekwe wapi.

Mzee wangu wa Tanga, nakushukuru kwa kusema wazi, na namwombea mwanao aendelee hivyo. Hatuwazuii watu wazima kusafiri, na sista anayefundisha kwamba kila kazi ya Uarabuni ni utumwa amekosea. Tatizo liko katika utaratibu wa kafala, ambao unamfunga mfanyakazi wa nyumbani kwa mwajiri mmoja kiasi kwamba wema wa mwajiri ndio unaokuwa sheria. Mwanao alipata mwajiri mwema. Huyu wa Tabora hakumpata, na hakuwa na mahali pa kukimbilia. Tunachotaka ni kwamba anayeondoka asitegemee bahati peke yake. Apitie wakala aliyesajiliwa, na Kenya orodha yao iko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na kwenu Tanzania mtu anaweza kuanzia ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Nakala ya hati ya kusafiria na ya mkataba, uliofasiriwa kwa lugha anayoisoma, ibaki nyumbani. Awe na namba ya ubalozi aliyoikariri kichwani, kwa kuwa simu huchukuliwa. Na wakubaliane na mama yake juu ya neno moja la kawaida, kama vile kuulizia mbuzi ambaye hawana, ambalo likitamkwa maana yake ni kwamba mambo si salama na kuna mtu anasikiliza. Kuhusu kazi ya kuwapa wanaobaki, uko sahihi kutubana. Mafunzo ya ushonaji na mikopo midogo tunayotoa ni tone tu.

Naomba niseme na jambo ambalo huwa halipendwi. Tukizungumzia Uarabuni peke yake tunajificha. Wasichana wengi waliopita katika nyumba yetu hawakuwahi kuiona ndege. Walitolewa kijijini na shangazi au jirani wakaletwa mjini kuwa mayaya, wengine wana miaka 12 au 13, kwa ahadi ya kusomeshwa ambayo haikutimizwa, na waliowaweka ni watu wanaosali nasi Jumapili na kutoa zaka. Jumuiya inayouliza ifanye nini, ningeiomba ianze kwa kuhesabu watoto hao nyumba kwa nyumba. Namba 116 ya huduma kwa watoto inapigwa bure, Kenya na Tanzania pia.

Katibu wa Jumuiya (Tabora)

Nawashukuru wote, kila mmoja kwa jina lake. Baba wa Tanga, nawe nakushukuru, kwa kuwa shemeji yangu aliposoma maneno yako aliyasoma na ya Sista, na sasa ameahidi kwenda mwenyewe kumuuliza yule mtu wa kigangoni alilijua wapi hilo duka. Nimemwambia asiende peke yake, na asiende kabla mkataba haujafasiriwa.

Sista, nimekaa na ujumbe wako siku tatu bila kuandika. Nyumbani kwangu yupo mtoto wa miaka 13 kutoka Iramba. Aliletwa na mama mmoja wa soko miaka miwili iliyopita, alikuwa darasa la tano. Hapigwi, anavaa vizuri, na pesa yake naituma kwa mama yake kila mwisho wa mwezi. Lakini nilimwambia mama yake kwamba nitamsomesha, na sikumsomesha, maana mwaka ule ndio niliokuwa nahangaika na safari ya binti yangu. Juzi usiku niliwasikia wote wawili jikoni. Binti yangu alikuwa anamuuliza huyu mdogo kama amekula, na mdogo akajibu kwamba anangoja mama amalize.

Nataka arudi shule muhula ujao. Nianzie kwa nani: kwa mwalimu mkuu, au kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata?

Mtawa (Nairobi)

Anza na mtoto mwenyewe, Mama, kabla ya ofisi yoyote. Mwambie mapema, tena mbele ya dada yake, kwamba hafukuzwi na kwamba pesa ya mama yake haitakatika ghafla, kwa sababu hayo mawili ndiyo watoto hawa huyaogopa kwanza tunapotaja shule. Muulize kama anataka kusoma hapo kwako au kwao Iramba, na mpe siku kadhaa za kujibu. Kisha mpigieni mama yake pamoja, mtoto akiwa ameshika simu. Ofisa ustawi afuate hapo, umweleze ukweli wote kama ulivyoueleza hapa, pamoja na miaka miwili iliyopotea, na yeye ndiye atakayekusindikiza kwa mwalimu mkuu. Nimekutumia ujumbe wa faragha wenye namba ya masista walio karibu nawe; mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na anajua jinsi ya kumpokea mtoto aliyekosa masomo bila kumweka na wadogo akaaibika.